Barua Kutoka Tokyo: Mapacha wa Nyumba ya Wasanii



Katika maduka madogo ya Tokyo yasiyofungwa usiku wala mchana, rafu ya majarida huwekwa karibu na kioo cha mbele, na kila Alhamisi hupangwa hapo toleo jipya la Weekly Young Jump, jarida nene la hadithi za picha linalochapishwa na kampuni ya Shueisha na kukusudiwa vijana na watu wazima zaidi kuliko watoto. Hadithi hizo huitwa manga, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, jambo lisilomsumbua msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki aliyeshika msahafu kabla ya kushika kitabu cha shule. Ni katika jarida hilo ambamo, kuanzia Aprili 2020 hadi Novemba 2024, ilitoka Oshi no Ko, hadithi iliyotungwa na Aka Akasaka na kuchorwa na Mengo Yokoyari, ambayo tangu mwaka 2023 imejulikana nje ya Japani kwa njia ya anime, yaani filamu za katuni za televisheni. Barua hii inaijadili kwa sababu kiini chake, chini ya muziki na taa za jukwaani, ni ndugu wawili wa tumbo moja walioacha kusemezana. Na wale wanaoishi ughaibuni wanajua jinsi umbali unavyompa kila ndugu kisingizio cha kunyamaza, mwezi ukapita, mwaka ukapita, salamu zikabaki kupelekwa na watu wengine.

Mama wa ndugu hao, Ai Hoshino, ni aidoru katika kundi la B Komachi. Aidoru ni msanii kijana anayefunzwa kuimba, kucheza na kutabasamu mbele ya umma, na ambaye mashabiki humpenda kwa sharti ambalo mara nyingi halitamkwi, kwamba asiwe na mpenzi. Akiwa na umri wa miaka 16, Ai anajifungua mapacha kwa siri katika hospitali moja ya mkoa wa Miyazaki, kusini mwa nchi, na watoto hao, Aqua wa kiume na Ruby wa kike, wanakua mbele ya watu kama watoto wa Miyako, mke wa mkurugenzi wa jimusho, yaani ofisi inayomsimamia msanii, inayompangia maonyesho, inayomtafutia matangazo na kumwekea masharti ya mwenendo. Ai anauawa na shabiki mlangoni pa nyumba yake akiwa na miaka 20, siku ileile aliyotarajiwa kuimba Tokyo Dome, ukumbi unaochukua watu wapatao 55,000. Mtunzi anaongeza jambo la ajabu, kwamba mapacha hao wamezaliwa na kumbukumbu za maisha yaliyotangulia: Aqua alikuwa Gorou, daktari wa Ai aliyeuawa usiku wa kujifungua kwake, na Ruby alikuwa Sarina, msichana mgonjwa aliyefia katika hospitali hiyohiyo akiwa amezoea kumwona daktari huyo kitandani pake kuliko wazazi wake. Kwa miaka mingi wanaishi chini ya paa moja bila yeyote kati yao kujua mwenzake alikuwa nani.

Ugomvi wao hauanzi kwa chuki, na hapo ndipo ufundi wa Akasaka unapostahili heshima. Aqua anaamini kwamba baba yao, asiyemjua, ndiye aliyempa muuaji anwani ya Ai, naye anaingia katika uigizaji ili amsake mtu huyo. Jambo hilo lote anamficha dada yake, kwa kuwa anataka Ruby aimbe akiwa na moyo mweupe. Ruby, kwa upande wake, anayakuta mabaki ya Gorou huko Miyazaki, na tangu siku hiyo naye anabeba kisasi chake bila kumshirikisha kaka. Kisha Kana Arima, mwenzake Ruby katika kundi la B Komachi lililofufuliwa, anapigwa picha na watu wa jarida la udaku katika hali inayotosha kumharibia kazi, na Aqua, ili kumwokoa, analipa jarida hilo habari iliyo kubwa zaidi: kwamba Ai alikuwa na watoto. Kwa Aqua lile ni badilishano la lazima, na pia ni hatua katika mpango wake wa kulipiza kisasi. Kwa Ruby ni kuuzwa kwa siri ambayo mama yao aliilinda maisha yake yote, tena bila yeye kuulizwa, na anamkataa kaka yake waziwazi.

Waswahili husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, wakimaanisha kwamba mtu wa nje asijitie katika magomvi ya watu wa damu moja kwa kuwa watapatana na kumwacha peke yake. Katika ulimwengu wa burudani wa Japani, kama manga hii inavyouonyesha, mpango huo umepinduliwa: watu wa nje huvuna wakati wa ugomvi, kwa maana siri ya familia ina bei, na kila neno ambalo kaka hakumwambia dada linaweza kusomwa na dada huyo kwenye jalada la jarida akiwa amesimama dukani. Wasomaji wa nyumbani ambao wameona wasanii wa familia moja wakirushiana maneno mitandaoni, huku maelfu wakihesabu nani ameshinda, watautambua upesi ubaya wa hali hiyo.

Mahali panapochaguliwa kwa sehemu muhimu ya kisa hiki si pa kubahatisha. Takachiho, mji wa milimani katika mkoa huohuo wa Miyazaki, ambako kundi la Ruby linakwenda kupiga video ya wimbo wake, unahusishwa na kisa kikongwe cha ndugu waliofarakana kilichomo katika Kojiki, kitabu cha masimulizi ya miungu kilichokamilishwa mwaka 712. Humo Susanoo anaharibu mashamba ya mpunga ya dada yake Amaterasu, mungu wa jua, kisha anatupa farasi aliyechunwa ngozi ndani ya nyumba ya kufumia hata mfumaji mmoja akafa, na Amaterasu anajifungia pangoni na kuiacha dunia gizani. Hatoki kwa kubembelezwa. Anatolewa na ngoma ya Ame no Uzume, aliyecheza juu ya pipa lililofudikizwa mpaka miungu yote ikacheka naye akachungulia. Wajapani wengi huihesabu ngoma hiyo kuwa chanzo cha sanaa zao za jukwaani, na wenyeji wa Takachiho bado huicheza kila mwaka, kuanzia Novemba hadi Februari, katika mikesha ya kagura, yaani ngoma za ibada, yenye michezo 33. Susanoo mwenyewe anafukuzwa, na baadaye, baada ya kuua joka huko Izumo, anampelekea dada yake upanga alioukuta ndani ya mkia wa joka hilo. Kwa hiyo Akasaka aliporudisha familia yake ya wasanii katika milima hiyo, aliwarudisha mahali ambapo sanaa yenyewe inasemekana kuzaliwa kutokana na ugomvi wa kaka na dada.

Suluhu ya mapacha, hata hivyo, haipatikani mbele ya hadhira. Inatayarishwa filamu juu ya maisha ya Ai, iitwayo Uwongo wa Miaka 15, inayotokana na ujumbe wa video ambao marehemu aliwaachia wanawe waje kuutazama wakifika umri huo, na Ruby anapaswa kumwigiza mama yake. Anachoka, anavunjika moyo, na ndipo Aqua anapozungumza naye kwa sauti ya yule daktari aliyewahi kumwahidi Sarina kwamba siku akiwa aidoru yeye atakuwa shabiki wake. Yokoyari, ambaye tangu mwanzo amechora nyota katika macho yote mawili ya Ai na nyota moja katika jicho la kila pacha, alikuwa ameitia weusi nyota ya Ruby tangu alipoanza kuwaza kisasi. Katika kurasa hizi weusi huo unaondoka. Hakuna hoja inayoshindwa wala anayekubali kosa kwa maneno marefu. Kaka anaacha kujificha, basi, na hilo linatosha kuyeyusha kinyongo ambacho maelezo yasingekiyeyusha. Inasikitisha kwamba baadaye mtunzi anaigeuza furaha ya Ruby kuwa mapenzi yasiyostahili baina ya ndugu, kwani hapo alilichezea jambo alilokwisha kulijenga vizuri.

Anayekosekana katika upatanisho huo ni mzee wa kuwakalisha. Katika nyumba nyingi za Waswahili, ndugu wakinuniana, shangazi au mjomba huwaita wote wawili, huwasikiliza na kuwataka waombane radhi mbele ya mashahidi wa familia. Miyako, aliyewalea mapacha baada ya mumewe kutoweka, ndiye mwenye haki ya cheo hicho, na anawapenda kwa dhati. Lakini yeye pia ndiye mkuu wa jimusho, mwajiri wa Ruby na mwenye kupata hasara kila kashfa inapozuka, hata mama na ofisi vimekaa katika mtu mmoja, na vijana hawana wa kumwendea ambaye si sehemu ya biashara.

Pengo hilo ndilo linaloifikisha hadithi kwenye mwisho uliowaudhi wasomaji wengi. Aqua anajichoma kisu na kuanguka baharini pamoja na baba yao, akipanga ulimwengu uamini kwamba ameuawa, ili Ruby asiitwe dada wa muuaji na aweze kuendelea kuimba. Na Ruby anasimama Tokyo Dome, pale ambapo mama yao hakufika. Wako wanaoliita tendo hilo kafara ya upendo. Safu hii hailioni hivyo, kwa kuwa kaka aliyekwisha kupatana na dada yake anarudia kosa lilelile lililowatenganisha: anaamua peke yake, anamficha, na kumlinda kwa uwongo ambao Ruby, laiti angeulizwa, asingeukubali.