Umeme wa Nani?



Jioni moja tulikutana kuandaa maswali ya mashindano ya vikundi vya parokia. Umeme ulikuwa umekatika, na simu moja tu ilibaki na chaji. Tukaiomba akili bandia itutungie maswali 20, nayo ikayaleta mara moja. Tulipokuwa tukishangilia, mdogo wetu mmoja akauliza: “Sisi tuko gizani. Huyo anayetujibu anatumia umeme wa nani?”

Swali hilo lilitunyamazisha. Jibu halitungwi ndani ya simu, bali katika majengo makubwa ya ng’ambo yaliyojaa kompyuta zisizolala. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba mwaka 2024 majengo hayo yalitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na kwamba kiasi hicho chaweza kuongezeka maradufu kufikia mwaka 2030. Swali moja hula umeme kidogo sana. Mzigo ni wingi wa maswali.

Tena, karibu umeme wote unaoingia humo hugeuka joto, ambalo sharti liondolewe ili mashine zisiungue. Mahali pengi joto hilo hutupwa tu hewani. Lakini huko Odense, nchini Denmark, joto la jengo la namna hiyo huingizwa katika mabomba ya mji na kupasha nyumba za watu. Basi, upotevu si lazima. Ni uamuzi wa wanadamu.

Nasi tumo katika habari hii. Nyaya za umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, takriban kilomita 1,700, hupita juu ya vijiji vingi visivyo na taa, zikielekea migodini. Shaba ya huko huuzwa duniani kote, na majengo yale hayajengwi bila shaba. Anayeketi gizani chini ya nyaya hizo si mgeni wa jibu tulilopewa bure. Katika barua yake ya mwaka 2015, *Laudato si’*, Papa Fransisko alitukumbusha kwamba jeraha la dunia na jeraha la maskini havitengani.

Hatukuapa kuiacha akili bandia. Tulibakiza maswali matatu. Yaliyosalia tukayatunga wenyewe kwa mwanga wa mshumaa, tukibishana na kucheka. Usiku ule tulifahamiana zaidi.

Nanyi katika kikundi chenu jiulizeni: ni lipi tunaloiomba mashine, ambalo tungeweza kuombana sisi kwa sisi? Na ni nani anayelipa tusipolipa sisi?