Maumivu Yalihama Njiani

Nilikuwa sijawahi kufika Tanga mjini. Kwetu Kipumbwi mji huo tuliusikia kwa wachuuzi wa samaki, na nilidhani siku moja nitaufikia kwa harusi au kwa mambo ya shule. Nilifika kwa sababu ya tumbo la dada.

Lilimwanza usiku, kitovuni. Hakupiga kelele. Alijikunja, akasema linamsokota, akakataa chakula, na kabla ya alfajiri akatapika. Bibi akasema ni chango. Pwani yetu hilo ndilo jibu la kwanza kwa tumbo la mwanamke, na bibi hakulisema ovyo, maana amewahudumia wengi na mizizi yake anaijua. Alfajiri ile alikuwa anatafuta haluli ili amsafishe mjukuu wake tumbo. Aliyemzuia ni mama mkubwa, aliyewahi kufanya kazi zahanati. "Mama, tumbo linalouma na kukataa chakula halipewi dawa ya kuharisha. Apelekwe akatazamwe kwanza." Neno hilo huenda ndilo lililomwokoa dada, kwa sababu utumbo uliovimba ukilazimishwa kusukuma unaweza kupasuka.

Tukapanda pikapu ya samaki, bibi mbele na dada katikati yake na dereva, mimi nyuma juu ya matenga. Ilikuwa masika, njia imechimbika. Mpaka Mwera, penye mashamba ya mkonge, nilimwona dada kupitia kioo bado ameweka kiganja kitovuni. Tulipofika Bweni na kushuka kungoja kivuko, kiganja kilikuwa kimehama. Kilikuwa chini, upande wa kulia, karibu na nyonga, na kimetulia hapohapo. Kwenye kivuko abiria wengine walisimama kuangalia maji ya mto yanavyokutana na bahari. Yeye aliomba akae, akalikunja goti la kulia, na kila nilipojaribu kumnyoosha mguu alinisukuma.

Kwa kuhama huko, ugonjwa wenyewe ulikuwa unasema. Mishipa ya fahamu inayohudumia utumbo haijui kuelekeza mahali barabara. Kidole tumbo, yaani kile kijiutumbo kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, kinapoanza kuvimba, habari zake huingia kwenye uti wa mgongo pamoja na zile za ngozi ya kitovuni. Kwa hiyo mgonjwa anaumwa kitovu ilhali kitovu ni kizima. Saa kadhaa baadaye uvimbe unaufikia utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani. Huo una mishipa inayojua mahali, na ndipo maumivu yanapokwenda kukaa kulia chini. Si kwa kila mgonjwa, maana wengine kidole chao kimelala nyuma ya utumbo, na wajawazito hakikai palepale. Lakini kwa dada ilifuata njia hiyo, nasi tukiwa barabarani.

Hospitali ya wilaya Pangani tabibu alimpapasa taratibu, akagusa sehemu moja, na dada akamdaka mkono. Sehemu ile ina historia. Mwaka 1889, uleule ambao Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, aliyewapinga, palepale Pangani mwezi Desemba, daktari wa New York aitwaye Charles McBurney aliielezea. Siku hizi namna ya kuipata ni hii: chora mstari kutoka kwenye ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia hadi kitovuni, kisha simama kwenye theluthi ya kwanza kutoka mfupani. Tabibu wetu hakuchora kitu. Alitumia kidole kimoja tu. Akaandika rufaa ya Hospitali ya Bombo, Tanga, akamwambia bibi asimpe kitu chochote kinywani, hata maji, kwa kuwa huenda akapasuliwa leo.

Kutoka Pangani hadi Tanga ni kama kilomita 50, na wakati huo lami ilikuwa haijafika. Dereva wa basi dogo alitupa kiti cha mbele, akajitahidi kukwepa mashimo. Hata hivyo kila gari lilipodunda dada alifumba macho na kuzuia pumzi. Tukapita Kigombe, tukapita Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale ambayo siku nyingine ningeomba tusimame niyaone. Tulipokaribia mjini lami ikaanza, na matuta nayo. Hayo ndiyo yaliyomtoa machozi.

Miaka baadaye nilisoma kwamba madaktari wa Hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, walichapisha mwaka 2012 utafiti juu ya jambo hilohilo. Waliwauliza wagonjwa waliohisiwa kuwa na kidole tumbo kama tumbo liliwauma zaidi gari lilipopanda matuta. Kati ya 34 waliothibitika kuwa nacho, 33 walisema ndiyo. Wapo pia waliosema ndiyo na hawakuwa nacho, kwa hiyo tuta halitoshi kutoa hukumu. Lakini asiyeumia kwenye matuta ni vigumu kuwa na kidole tumbo kilichovimba. Sababu ni ule utando uliowaka: ukitikiswa unauma. Barabara zetu zilivyojaa matuta, swali hili lingefaa kuulizwa kila mapokezi.

Bombo ipo juu ya mwamba, inaitazama bahari, na jengo lake la zamani la Wajerumani bado limesimama. Mimi niliona zaidi benchi la korido. Pembeni yetu alikuwepo mwanamume, mvuvi kwa mavazi yake, ambaye hakuweza kutulia. Anakaa, anainuka, anaegemea ukuta, anachuchumaa. Maumivu yake yalitoka ubavu wa kushoto nyuma yakishuka hadi kinenani, yakija na kuondoka. Muuguzi alipita akamtazama yeye, akamtazama dada aliyelala kimya kwa kuogopa kujitingisha, akatuambia kwa sauti ndogo, "Yule ni jiwe la figo. Huyu wenu ni mambo mengine." Alikuwa hajamgusa hata mmoja. Jiwe linaposukumwa kwenye mrija wa mkojo humfanya mtu ahangaike, bali utando uliowaka humlaza kimya. Na mvuvi anashinda juani, anatoka jasho, maji ya kunywa yanamwishia baharini. Mkojo mzito ndio unaojenga mawe.

Daktari alikuwa kijana. Alimsalimu bibi, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, kisha akamwomba dada akohoe. Dada akakohoa nusu. Akabonyeza kushoto chini, na dada akasema anaumia kulia. Halafu likaja swali lililomfanya bibi akaze uso: mara ya mwisho aliona siku zake lini?

"Mjukuu wangu hajaolewa," bibi alisema.

"Bibi yangu, sikuuliza ndoa," daktari alijibu kwa upole. Akamweleza kwamba mimba ikishika kwenye mrija badala ya kizazi, mrija hupasuka na damu kumwagikia tumboni, nayo huuma upande mmoja kama hivi, na msichana anaweza kupoteza maisha huku jamaa wakitunza heshima. Vilevile ovari ikijipinda, au uvimbe wake wa maji ukipasuka, ni upande mmoja. Kwa hiyo anamuuliza kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, awe mtoto wa nani. Akatuomba tutoke amsikilize peke yake, na mkojo ukapimwa. Mimba haikuwepo. Nimelikumbuka swali lile mara nyingi. Lilihitaji adabu na ujasiri kwa pamoja, na yule kijana alikuwa navyo vyote viwili.

Jioni dada akapigwa nusu kaputi, akapasuliwa. Alipotoka, daktari alimletea bibi sahani ya chuma aone. Kidole kile kilikuwa kinene kuliko changu, chekundu, na ncha yake imeanza kuwa nyeusi. Hakijapasuka. Bibi alikiinamia muda mrefu, kisha akauliza kimeingiliwa na nini. Mara nyingi, daktari alisema, tundu lake huzibwa na kipande cha kinyesi kigumu, vijidudu vikazaliana humo ndani. Bibi akasema enzi zake hakuusikia ugonjwa huu. Hakukosea sana. Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alitambua kwamba Waafrika wa vijijini waliupata kwa nadra kuliko Wazungu, na mwaka 1971 aliandika akiuhusisha na chakula kilichopungukiwa makapi. Hoja yake imebishaniwa tangu hapo, na dada amekulia muhogo na kisamvu.

Siku zilizofuata kulikuwa na swali moja wodini, asubuhi na jioni: ameshatoa hewa? Mpaka atoe, hakuna uji. Alipotoa, bibi alimshukuru Mungu kwa sauti, na wodi nzima ikamwitikia.

Kabla hatujaruhusiwa aliletwa mtoto wa kiume kutoka upande wa Mkinga, amejishika kushoto juu, chini ya mbavu. Mama yake alianza kuwasimulia wagonjwa mambo ya ngiri. Bibi akamwita akae karibu. "Mwanangu, lilianzia wapi? Likaenda wapi? Anakula? Ana homa?" Homa ilikuwepo, ya kwenda na kurudi. Bibi hakutaja dawa yoyote. Alimwambia amweleze muuguzi vilevile, kwa mpangilio huohuo. Baadaye tukasikia ni wengu lililovimba kwa malaria, na dripu ilikuwa imeshatundikwa.

Daktari alitupa masharti: dada asibebe ndoo ya maji wala mtoto kwa wiki sita, na kidonda kikitoa usaha au homa ikirudi, tusingoje kukuche.