Nilivyosubiri herufi E, mama akalala njiani

MWENZENU mimi natoka Guta. Najua wewe wa mjini ukisikia jina hilo unafikiria lile dude la magurudumu matatu linalobeba maji na matofali. Siyo hilo. Guta ya kwetu iko Bunda, mkoani Mara, kando ya Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke, ambako mtoto anaijua harufu ya dagaa kabla hajajua a, e, i, o, u. Lakini washkaji zangu wa Mwanza nilipowaambia nataka kununua gari, hawakuniacha salama.

"Mtu wa Guta si ununue guta tu?"

Nikacheka nao. Moyoni nikasema, subirini mtaona. Kumbe wa kusubiri nilikuwa mimi. Mimi na mama yangu.

Mama anaishi kulekule Guta. Nyonga inamsumbua, na kila mwezi ana tarehe yake ya kliniki Bugando, Mwanza. Nimemwomba mara ngapi ahamie kwangu! Jibu lake ni moja: "Na kuku wangu nimwachie nani?" Basi kila mwezi anapanda bodaboda hadi barabara kuu ya Musoma–Mwanza, anasimamisha basi au Haisi, anabanwa kati ya magunia na watu, anapita Lamadi, anapita Magu, mpaka anaingia mjini akiwa hajui mguu upi unauma zaidi. Jioni ni hivyohivyo kurudi.

Nilipomwambia nataka kuchukua mkopo ninunue gari, aliuza ng'ombe wawili akaniongezea. Nikamwahidi: "Mama, mwaka huu basi utalisikia tu likipiga honi." Akacheka mpaka akajishika nyonga.

Gari lenyewe Toyota IST ya mwaka 2005, injini ya 1300, rangi ya fedha, lipo Japani. Nililipenda kwenye picha kama watu wanavyopendana kwa picha siku hizi. Nikatuma pesa kwa benki. Nikaambiwa wiki sita tu litakuwa Dar es Salaam.

Wiki sita zikawa kumi. Mara meli imechelewa kupakia, mara imepitia bandari nyingine, mara imefika lakini inangoja zamu ya kutia gati. Nikawa kila asubuhi nampigia ajenti wa kutoa mizigo kama mtu anayedai mahari. "Bosi, tulia, lipo njiani." Hapo kazini walikuwa wameshaanza kuniita dereva. Nikaishiwa pozi kabisa.

Hatimaye likashuka. Kodi nayo ikashuka kichwani kwangu: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, nyongeza ya uchakavu kwa kuwa gari lilishakula chumvi nyingi, halafu VAT asilimia 18 ikakaa juu yake. Nikalipa huku natetemeka. Ikabaki hatua ya mwisho tu: usajili, yaani gari lipewe namba na kadi yake. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa.

Ajenti akanipigia kwa sauti ya chini, kama anauza siri ya taifa. "Bosi, namba zinazotoka sasa hivi ni D za mwishomwisho. Ukivuta subira kidogo, unaibuka na E."

Msomaji wangu, kama unaishi nchi hii huhitaji kuelezwa. Hapa kwetu namba ya gari ni cheti cha hadhi. Ukiona STK unajua hiyo ni ya serikali, SU ni shirika la umma, PT ni Polisi na unapunguza mwendo. Kwa sisi wa kawaida inaanza T, zinafuata tarakimu tatu, halafu herufi tatu. Ile herufi ya kwanza kati ya hizo tatu ndiyo inayovunja urafiki. Mwenye A anaonekana ameachiwa gari na babu yake. Mwenye B anaegesha pembeni. Wa C anajitetea kwamba injini bado nzima. Dalali akitaka kukuuzia hasemi breki ni nzima, anasema, "Namba D hii, kaka!" Sasa fikiria mimi ndiye niingie Mwanza na E, herufi ambayo mtaa mzima haujaiona.

Tusijidharau sana, maana ugonjwa huu siyo wetu peke yetu. Uingereza namba mpya hutoka mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na wapo wanaongoja tarehe igeuke ndipo wachukue gari, ili majirani waone kuwa ni jipya. Lakini angalau wao namba hiyo inahusiana na gari jipya kutoka kiwandani. Ya kwetu inasema gari limesajiliwa lini Tanzania, basi. IST ya 2005 hata ukiipa herufi Z, itabaki ya 2005. Kule Japani ilishapelekwa sokoni na kuchukua watoto shule miaka mingi, wakaing'oa namba yao ndipo ikapanda meli.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nikamjibu ajenti: "Ngoja hiyo E."

Mama akapiga simu. "Baba, gari limefika?" Nikamwambia bado kuna mambo ya bandarini yanamaliziwa. Sikusema uongo, lakini ukweli nao sikuusema. Wiki ya kwanza ikapita, D zinatoka tu. Ya pili, bado. Gari limelala bandari kavu, gharama za kulitunza zinahesabika kila siku, mimi natafuta pesa za kulipia herufi. Tarehe ya kliniki ikafika.

Siku hiyo mama alitoka Guta kabla jua halijachomoza. Pale Bugando foleni ilikuwa ndefu, akamaliza jioni. Nilimsihi alale kwangu, akakataa: kuku. Nikampandisha basi. Basi likaharibika mbele ya Magu, wakakaa pale saa tatu nzima. Alipoteremka njia panda ya kwetu ilikuwa usiku mkubwa na mvua inanyesha. Bodaboda hakuna hata moja. Mguu hauendi. Akajikokota hadi kwenye kibanda cha mama ntilie mmoja aliyekuwa anafunga, yule mama akampa kitenge cha kujifunika na benchi la kulalia. Simu yake ilikuwa imezima. Mimi usiku kucha nazunguka chumbani kama kuku aliyepoteza vifaranga.

Alinipigia asubuhi kwa simu ya watu. Hakulalamika. Alisema tu, "Nimefika salama, baba. Ila hiyo mvua ya jana, gari lingekuwepo lingetusaidia."

Wapenzi wasomaji, nimewahi kutukanwa na kondakta mbele ya abiria arobaini, lakini haikuniuma kama sentensi hiyo. Maana gari lilikuwepo. Lilikuwa limekaa Dar es Salaam linangoja herufi. Wiki kumi za mwanzo zilikuwa za meli. Hizi mbili zilikuwa zangu mwenyewe.

Nikampigia ajenti palepale. "Kasajili leo. Namba yoyote."

"Bosi, zimebaki chache sana..."

"Nimesema yoyote!"

Ikatoka D. Ndiyo, D, tena ya mwishomwisho kabisa, baada ya kulipia siku zote zile. Haikupita muda mrefu E nazo zikaanza kuonekana barabarani, na washkaji wakapata la kusema. Nikawaacha waseme. Nililifuata gari mwenyewe nikaliendesha kilomita zaidi ya 1,200, Dodoma, Singida, Shinyanga, Mwanza, sikupumzika sana mpaka nilipokata kona ya Guta. Nikamweleza mama kila kitu, pamoja na zile wiki mbili. Alizunguka gari, akaishika ile namba ya njano kwa kidole. "Kwa hiyo hiyo nyingine ingefupisha njia?" Nikasema hapana. "Basi tule, ugali unapoa." Mpaka leo hajarudia habari hizo, na kutorudia kwake ndiyo adhabu yangu.

Kwa wewe unayejipanga kuagiza, chukua haya ya bure. Ukiambiwa wiki sita, mwenyewe hesabu kumi na usimwahidi mtu tarehe. Dai nakala ya hati ya kupakia mzigo, ulinganishe namba ya chesesi. Kodi ya serikali ilipe kwa namba ya malipo uliyoiona kwa macho yako, usimpe mtu pesa mkononi. Na ukinunua kwa dalali hapahapa nchini, usisome namba ya nyuma ya gari, soma kadi: mwaka wa kutengenezwa na tarehe ya kusajiliwa ni vitu viwili tofauti, na kati yake inaweza kupita miaka kumi na tano au zaidi. Juu ya yote, gari likishafika, litoe. Kuna mtu analingoja.

Siku hizi kila tarehe ya kliniki nalala Guta, alfajiri tunaondoka wawili. Mama hukaa mbele, amefunga mkanda, kikapu cha dagaa miguuni kwa ajili ya manesi. Gari zima linanuka dagaa. Watoto wa Guta wameshaamua maana ya ile D, na dalali akija kulitazama siku moja itabidi nimweleze hivyohivyo.