Saa Saba Kigoma

Ninyi wasomaji wetu mliozaliwa kando ya Luama au Lualaba mmejua kuogelea tangu utoto, tena mwajua kwamba mto hauna urafiki na mtu. Sisi tulikuwa familia tatu kutoka Wamaza, watu wazima sita na watoto tisa, mdogo wao wa miaka mitatu na mkubwa wa miaka kumi na mitatu. Mama mmoja wa kundi letu alikuwa amefiwa na mwanawe katika Luama, wakati mto umejaa mvua, mwaka mmoja kabla ya safari hiyo. Tangu siku ile hakukanyaga maji ya mto. Hata kuteka alimwachia dada yake. Twalitaja jambo hili mapema, msije mkatucheka mtakaposoma jinsi tulivyotumia nusu ya siku tukibishana juu ya mahali pa kuogesha watoto.

Tulikuwa twaenda Bujumbura kwenye arusi ya jamaa. Habari za barabara hadi Kalemie hatutazisimulia: aijuaye anaijua, na asiyeijua asiombe kuijua. Kalemie tulipanda merikebu ya mizigo ichukuayo na abiria, masua kama wasemavyo wazee wetu, tukavuka ziwa usiku. Asubuhi, yapata saa mbili, tulikuwa tumefungwa gatini Kigoma. Nahodha akatuambia kwamba wapakizi wana kazi ya simenti, na kwamba merikebu itaondoka saa tisa alasiri. Saa saba basi. Watoto walikuwa wamelala katikati ya magunia kama ndagala, na walipoyaona maji yaking'aa walianza kuvua viatu palepale gatini.

Maji ya bandarini hayakuhitaji baraza. Mafuta yalikuwa yanaelea juu yake. Tulipomaliza mambo ya vibali kwa watu wa uhamiaji tulikodi daladala moja. Dereva wake, kijana mwenye adabu, alistaajabu kutusikia.

"Samahani, wazee wangu," akasema, "Kiswahili hiki mmejifunza wapi, nanyi mwatoka mbali hivyo?"

Babu, ndivyo tulivyomwita sote safari nzima, akamjibu, "Tulikipata kwenu hapa, mjukuu wangu. Kilivuka ziwa juu ya vichwa vya wapagazi."

Kwa sababu ya neno hilo tulikwenda Ujiji kwanza, ingawa watoto walinuna. Babu hakutaka kusikia jambo jingine. Ujiji haufiki mwendo wa kilometa kumi kutoka Kigoma, na njia ni nzuri. Ndipo ilipoanzia ile njia iliyotufanya sisi tuwe kama tulivyo. Misafara ilivuka ziwa, ikapanda milima, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Kasongo palikuwa ngome ya Tippu Tip na jamaa zake, mpaka majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipoutwaa mji mwezi wa Aprili 1893. Livingstone naye aliishika njia hiyo. Mwaka 1871 aliyaona kwa macho yake mauaji ya sokoni Nyangwe, akarudi Ujiji hali amevunjika moyo, na mwaka uleule Stanley akamkuta huko. Miaka michache baadaye, mwezi wa Januari 1879, wakafika Ujiji Mapadre Weupe wa kwanza, waliotumwa na Lavigerie. Babu aliwasimamisha watoto chini ya miembe, karibu na ukumbusho wa Livingstone, akawaambia kwamba watu wa kwetu waliletwa hapa wamefungwa shingo kwa shingo, na pembe za ndovu mabegani, na kwamba wengi hawakurudi. Watoto walinyamaza. Kisha mmoja akauliza ziwa liko wapi, maana alikuwa amesikia kwamba hapo palikuwa pwani. Lilikuwa pwani kweli. Lakini yapata mwaka 1878 mto Lukuga ulijifungulia njia upande wa Kalemie, maji yakashuka, na ufuko ukasogea mbali na miembe ile.

Tulipoteremka ufukoni tulikuta mitumbwi mingi, nyavu, akina mama waoshao sufuria, na dagaa walioanikwa mchangani. Ni mahali pa kazi, si mahali pa kuchezea. Upande wa kusini, kwenye mlango wa mto Luiche, kuna matete mengi. Nasi twajua, maana hata kwetu ni vivyo hivyo: penye matete na maji yaliyotulia ndipo wakaapo konokono wa kichocho, na mara nyingine mamba naye huona ni nyumbani.

Dereva akatutajia Kibirizi, kaskazini ya mji, ambako mitumbwi ya mashine huondokea kwenda Gombe. Hatukutaka; mtoto na mashine ya mtumbwi hawapatani. Hapo ndipo watu wazima walipoanza kusemezana kwa sauti. Baba mmoja alisema turudi merikebuni tuwanunulie watoto maandazi, basi. Mwingine alisema mtoto aliyefika Tanganyika asioge atawaambia nini wenzake? Yule mama alisimama mbali kidogo, akiwa amewashika mkono watoto wake wawili waliobaki, kila mmoja upande wake.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja muuza dagaa. Dereva alitufundisha kumwambia "Shikamoo", salamu ambayo kwetu haitumiki sana, naye akaitika "Marahaba, wanangu." Tulipomweleza shida yetu alitutazama kwa muda.

"Ninyi mwamwuliza dereva," akasema. "Dereva humpeleka mgeni mahali pazuri. Waulizeni akina mama wanaoogesha watoto wao wapi."

"Basi twakuuliza wewe, bibi."

"Mimi wajukuu zangu huoga hapahapa, wamepazoea, na zahanati waijua. Wenu si wazoefu. Wapelekeni Mwamahunga, kwa Jakobsen. Hakuna matete, hakuna mitumbwi, na maji yanaonekana mpaka chini. Lakini mtalipa mlangoni."

Neno la kulipa liliamsha mabishano mengine. Mmoja wetu, hatutamtaja, alinung'unika kwamba ni ajabu kubwa kulipia maji aliyoyaumba Mungu. Yule mama, ambaye tangu asubuhi hakusema kitu, akasema, "Lipeni." Tukalipa.

Mahali penyewe ni kwenye njia ya kwendea Katonga, kilometa chache kusini-magharibi ya mji. Ni vighuba viwili vidogo vyenye mchanga, chini ya kilima chenye miti. Kuna mabanda ya makuti ya kukalia kivulini, na choo. Uzuri wake hatuukatai, lakini si uzuri tulioufuata. Tulipenda kwamba ghuba ni ndogo: mtu akiketi katikati anaona mwisho wa huku na mwisho wa huko bila kugeuza shingo sana. Mchanga unashuka polepole, na maji ni maangavu hata tuliweza kuhesabu vidole vya miguu yetu chini. Mawimbi madogo hupiga bila kukoma, na konokono wale hawapendi mahali pa mawimbi. Hata hivyo hakuna ufuko wa ziwa utakaoapiwa kuwa hauna kichocho kabisa. Tuliwakausha watoto mara watokapo, kwa taulo nne tulizokuwa nazo, tukakubaliana kuwapeleka kupimwa tutakaporudi. Dawa ya praziquantel ipo, ila lazima mtu apimwe na kuinywa.

Tena ziwa hili si la kuchezewa. Urefu wake wapita kilometa 650, na kina chake chafika yapata meta 1,470. Duniani kote ni ziwa la Baikal peke yake, huko Urusi, lililo na kina zaidi. Penye mawe, hatua mbili tu baada ya kuona chini huoni tena. Kwa hiyo tulifunga kamba kutoka jiwe moja hadi dumu tupu lililotiwa nanga ya jiwe, tukawaambia watoto huo ndio ukuta. Baba wawili wakasimama upande wa pili wa kamba, maji kifuani, wamelipa ziwa mgongo na nyuso zao zikiwaelekea watoto. Babu alipewa kazi ya kuhesabu. Kila baada ya muda alipiga mbinja, na kila mtoto alipaswa kuinua mkono na kutaja namba yake.

Watoto walifurahi kuliko tunavyoweza kueleza. Kando ya mawe waliona samaki wadogo wenye mistari na rangi za kila namna. Ziwa hili lina aina mamia za samaki, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote. Mvulana wa miaka kumi na mitatu, ambaye hupenda kuuliza, akataka kujua maji haya yote yanakwenda wapi. Tulimweleza kwamba hutoka kwa mlango mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie tulipopandia merikebu. Lukuga huingia Lualaba, na Lualaba hupita upande wa Kasongo.

"Na Luama?" akauliza.

"Luama nao huingia Lualaba."

"Basi yanakutana."

Yanakutana, tulimjibu. Yule mama alikuwa ameketi chini ya banda, karibu kutosha kusikia. Hakusema neno.

Ilipata saa sita na nusu Babu alipopiga mbinja, na namba ya saba haikuitika. Akapiga tena. Namba ya saba ilikuwa binti wa huyo mama. Hatujui jinsi alivyotoka bandani. Tulichoona ni kwamba yumo majini na kanga zake, maji kiunoni, akipapasa chini kwa mikono miwili na kuliita jina la mtoto. Baba wawili walizama kwenye kamba, mmoja huku, mmoja huku. Mambo haya yote hayakupita muda wa kusali Salamu Maria tatu, lakini miguu yetu ilikuwa imekufa.

Binti alitokea nyuma ya choo, mkavu, akila andazi. Alikuwa amemwambia mdogo wake aitikie badala yake, na mdogo wake alisahau.

Tulitaka kumkaripia, lakini Babu alituzuia kwa mkono. Mama hakutoka majini. Alisimama palepale akimtazama binti yake, kanga zimemwelea pembeni. Kisha akamwita, "Njoo hapa, mama yangu." Mtoto akaenda, akamshika kiunoni, wakakaa hivyo muda mrefu, na mawimbi yakiwapiga magotini na tumboni. Yule mtoto wake mwingine akawafuata. Wakati wa Malaika wa Bwana ulikuwa umekwisha kupita. Tuliisali hivyo hivyo kwa kuchelewa, wengine mchangani, wengine majini, na Babu akiongoza.

Tulikula migebuka ya kukaanga na ugali kwa haraka, tukakunja kamba, tukahesabu watoto mara tatu kabla ya kuingia garini. Saa tisa kasoro robo tulikuwa gatini, tukihema. Simenti ilikuwa haijakwisha. Merikebu iliondoka saa kumi na moja na nusu.

Usiku ule upepo ulikuwa kidogo, na watoto walilala kabla ya taa za Kigoma kupotea. Kanga za yule mama zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba ileile, zikikauka, naye alikuwa ameketi kando yake akimsuka binti nywele gizani, akituuliza kama huko Bujumbura pia kuna mahali pa kuoga.