Bei ya Mshika Usukani

Watu wawili wanapozozana kama kitu ni ghali au si ghali, aghalabu hawazungumzii jambo moja. Mmoja huwa anakitazama kitu, mwenziwe anautazama mfuko. Nimeyasikia mazozo hayo miaka mingi mnadani Darajani, juu ya fungu la changu lililopanda bei siku za kusi kali, wala sikudhani kwamba ningekuja kuyasikia tena, kwa ukali uliozidi, katika jimbo la New Jersey huko Marekani, juu ya mwanamume mmoja anayecheza mpira.

Mwanamume huyo ni Daniel Jones, na timu aliyokuwa akiichezea ni New York Giants, ambayo ijapokuwa inabeba jina la New York, uwanja wake uko East Rutherford, upande wa New Jersey. Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, maelezo machache yatamtosha. Wamarekani huuita futiboli, ingawa mguu hugusana na mpira kwa nadra. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa huupoteza mpira. Takriban kila jaribio huanza kwa mpira kufika mikononi mwa mtu mmoja, aitwaye kwotabeki. Huyo ana sekunde mbili tatu za kuamua: autupe mbali kwa mwenziwe anayekimbia, amkabidhi mkimbiaji aliye ubavuni mwake, au atoke nao mbio mwenyewe, na huku anaamua, majitu ya kilo 130 na zaidi yanamjia kumwangusha. Kwa mazoea ya kazi yangu ya kufasiri, nilijaribu kumtafutia jina la Kiswahili. Nahodha halikufaa, kwani viwanjani tayari tunalo kwa maana nyingine. Mwisho niliridhika na mshika usukani, maana chombo kikienda mrama yeye ndiye anayetazamwa, hata kama tanga lilichanwa na wengine.

Ligi yao, NFL, ina timu 32, na watu wanaoiweza kazi hii barabara hawafiki idadi hiyo. Hapo ndipo ughali unapozaliwa. Aliye bora kabisa hulipwa kwa ubora wake; aliye wa wastani hulipwa kwa hofu ya waajiri wake, ambao hujiuliza usiku: tukimwacha huyu, tutamweka nani? Tena tangu mwaka 1994 ligi hiyo imeweka kikomo cha jumla ya mishahara ambayo timu yaweza kulipa. Mwaka 2023 kikomo kilikuwa dola milioni 224.8. Tajiri hawezi tu kuchota mfukoni akamlipa kila amtakaye. Wote wanakula sinia moja, na anayepakuliwa nyingi amempunguzia mwenziwe.

Jones alichaguliwa na Giants mwaka 2019, akiwa wa sita miongoni mwa vijana wote waliotoka vyuoni mwaka ule. Alikuja kurithi nafasi ya Eli Manning, aliyeiletea timu ubingwa mara mbili, Februari 2008 na Februari 2012, na kumrithi mtu wa aina hiyo ni mzigo kabla hujautupa mpira wa kwanza. Miaka mitatu ilipita bila ya jambo kubwa la kusimulia. Msimu wa 2022 ndipo upepo ulipogeuka: timu ilishinda mechi 9, ikafungwa 7, ikatoka sare 1, na Januari 2023 ikaenda Minnesota kwenye mtoano ikashinda 31 kwa 24. Siku ile Jones alitupa mipira ya jumla ya yadi 301 na kukimbia mwenyewe yadi 78. Wiki iliyofuata Philadelphia iliwachapa 38 kwa 7, lakini watu hukumbuka wakipendacho. Machi mwaka huo alitia saini mkataba wa miaka minne, dola milioni 160.

Wakati huohuo timu ilikuwa na mkimbiaji hodari, Saquon Barkley, naye alikuwa akidai mkataba mrefu. Yeye ilimzuia asiondoke kwa kanuni ya mwaka mmoja tu, kwa dola milioni 10 na kidogo. Mashabiki wa Giants hawakuisahau siku ile, na sidhani kama wataisahau.

Nilifika huko Novemba 2024 kwa mpwa wangu. Jumamosi moja alinichukua kwa kinyozi wake, na ndipo nilipogundua kwamba baraza haikufia safarini. Imehamia tu chini ya mashine za kunyolea. Wikiendi hiyo Giants hawakuwa na mechi. Walikuwa wamerudi kutoka Munich, Ujerumani, walikofungwa na Carolina 20 kwa 17, na hesabu yao ilikuwa ushindi mara 2 na kushindwa mara 8. Mjadala ulikuwa mmoja: abaki au aondoke?

Mzee mmoja wa makamo yangu, aliyekuwa kitini na povu shingoni, alisema abaki. Hoja yake, kwa jinsi mpwa wangu alivyonifasiria, haikupita ile ya wahenga wetu kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Alizitaja timu zilizowaacha watu wao wa wastani, zikazunguka miaka kumi zikitafuta mwingine, kila mwaka na kijana mpya na machozi mapya. Kijana aliyekuwa akingoja zamu alimkatiza akirudia neno moja: wastani, wastani, wastani. Milioni arubaini kwa mwaka kwa mtu wa wastani!

Neno hilo lilinishughulisha kuliko hesabu. Kwetu wastani si tusi. Mtu wa wastani ni yule asiyepindukia mpaka, anayekaa baina ya choyo na ubadhirifu, na ukimposea binti wa watu kwa sifa hiyo hufukuzwi. Pale kwa kinyozi lilitamkwa kama jina la maradhi.

Mpwa wangu, ambaye kutwa nzima alikuwa mkalimani tu, hapo alishindwa kuvumilia. Yeye hufanya kazi za usiku katika ghala la kupakia mizigo, analipwa kwa saa. Akanigeukia kwa Kiswahili, ili wenziwe wasimsikie akipandwa na hasira.

"Mjomba, mimi nikiangusha maboksi mawili naitwa ofisini. Huyu anaangusha mpira kila wiki, anazidishiwa."

Sikumjibu pale, kwani mtu aliyelala saa nne hajibiwi kwa hoja. Lakini hasira yake ilinikaa, na nilipoipima niliona kwamba haikumhusu sana Jones. Ilihusu bei. Laiti mtu yuleyule angelipwa robo ya zile fedha, makosa yaleyale yangeitwa ujana, au bahati mbaya, na mpwa wangu angempigia makofi kwa kujitahidi. Bei ilimfika kwanza machoni, na kila alichokitenda kikaonekana kupitia kwayo. Ng'ombe haelemewi na nunduye, hilo tunalijua. Ila nundu hii haikuota mgongoni mwa Jones, ilibandikwa na watu waliovaa suti.

Nikiulizwa mimi, nasema ilikuwa haki kuachana naye, na kijana wa kwa kinyozi alikuwa na hoja, ila hakuimaliza. Kasoro haikuwa kwamba Jones ni wa wastani. Msimu wa 2023 wapinzani waliwaangusha makwotabeki wa Giants, mpira ukiwa bado mikononi mwao, mara 85; katika historia yote ya ligi ni Philadelphia ya mwaka 1986 tu iliyopata zaidi. Jones peke yake aliangushwa mara 30 katika mechi 6, shingo ikaumia, kisha goti likakatika huko Las Vegas. Sisemi kwamba mshahara wake peke yake ndio uliomnyima walinzi; waliochaguliwa kumlinda wengine hawakufaa tangu awali. Nasema kwamba mtu bora kabisa huweza kuwafichia wenziwe udhaifu, na hilo ndilo hasa linalonunuliwa kwa bei ile. Wa wastani hawezi kuwafichia. Yeye huhitaji kubebwa na walio imara: walinzi, wapokeaji, mkimbiaji. Ukimlipa fedha za kuwabeba wengine, ilhali ni wa kubebwa, umemdhulumu yeye kabla ya kuidhulumu timu.

Na mkimbiaji mwenyewe alikuwa ameshakwenda. Machi 2024 Barkley alihamia Philadelphia, kwa mahasimu, na msimu uleule akakimbia yadi 2,005, akiwa mtu wa tisa tu kuvuka 2,000 katika msimu mmoja. Februari 2025 Philadelphia walitwaa ubingwa kwa kuifunga Kansas City 40 kwa 22.

Jones aliwekwa benchi Novemba 18, siku mbili baada ya kikao chetu cha kwa kinyozi. Mkatabani mlikuwa na sharti kwamba akiumia vibaya, timu ingelazimika kumlipa dola milioni 23 mwaka uliofuata. Basi akaondolewa uwanjani akiwa mzima, ili asiumie. Nimefasiri mikataba mingi ya watu, ya nyumba, ya ndoa, ya vyombo, lakini sijakutana na sharti linalomfanya mtu kuwa hatari kwa kuwa mzima. Siku nne baadaye aliomba aachwe, akaachwa. Mpwa wangu aliipokea habari ile kimya, akajifunga viatu, akaenda kazini.

Mwaka 2025 Indianapolis walimchukua kwa mwaka mmoja, dola milioni 14. Katika mechi 10 za mwanzo walishinda 8. Mkono ulikuwa uleule na macho yaleyale, ila sasa ubavuni mwake palikuwa na mkimbiaji imara, na mbele yake walinzi waliosimama. Wale waliokuwa wakimtukana New Jersey walianza kuuliza kwa nini aliachwa. Kisha Desemba, katika mechi na Jacksonville, ukano wa kisigino ulimkatika, na msimu wake ukaishia pale.

Indianapolis walitafuta wa kumweka. Wakamwita Philip Rivers, mwenye umri wa miaka 44, ambaye hakuwa amecheza tangu Januari 2021 na tayari alikuwa na mjukuu. Mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti usiku ule, nyuma yake zikisikika mashine za ghalani.

"Mjomba, umesikia? Wamemtoa babu wa watu nyumbani kwake. Nimekutana na yule mzee wa kwa kinyozi, ananiuliza, sasa milioni arubaini ilikuwa nyingi au kidogo? Nikamwambia nyingi. Akacheka mpaka kinyozi akauondoa wembe."