Alama Zisizolingana: Mhitimu wa Ufipa Mbele ya Lango la Uzamili

Mtoto anayekulia katika vijiji vya nyanda za juu za Ufipa, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, hupitia lugha tatu kabla ya kufika chuo kikuu. Nyumbani ni Kifipa, lugha ambayo Guthrie aliiweka katika M.13. Shule ya msingi ni Kiswahili, kama ilivyoamuliwa nchini mwaka 1967. Afikapo Kidato cha Kwanza, takribani masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Iwapo baadaye atasomea Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, atakuwa katika idara ambayo tangu kuanzishwa kwake mwaka 1970 imefundisha kwa Kiswahili, na maandishi yake mazito ya kitaaluma, pengine juu ya ngeli za Kifipa chenyewe, atayaandika kwa lugha hiyo.

Na achukuliwe mhitimu wa namna hiyo, mwenye daraja la pili la juu, yaani wastani usiopungua 3.5 kwa kipimo cha 5. Hapa nchini wastani huo humfungulia mlango wa uzamili. Akiomba nafasi Uingereza, kwa kawaida hutakiwa pia kuonyesha cheti cha Kiingereza kama IELTS. Mtihani huo hupima stadi nne, na alama ya jumla ni wastani wa stadi hizo. Tuseme amesafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar es Salaam, akapata 7.0 katika kusikiliza, 7.0 katika kusoma, 6.5 katika kuzungumza na 5.5 katika kuandika. Jumla yake ni 6.5. Mwenzake aliyepata 6.5 katika kila stadi ana jumla ile ile. Lakini vyuo vingi hudai 6.5 ya jumla pamoja na sharti kwamba stadi yoyote isipungue 6.0. Mwenzake atapita, yeye atabaki nje, ingawa husoma na kusikia Kiingereza vizuri zaidi. Hakuna mtu aliyemkataa. Ni kanuni tu iliyosomwa na karani. Na stadi iliyomwangusha ndiyo hasa aliyoitumia zaidi chuoni, isipokuwa kwa Kiswahili.

Kwa upande wa Marekani, mambo ni tofauti kidogo. GRE hutoa alama za maneno na za hisabati mbalimbali, kila moja kati ya 130 na 170, na ya uandishi kati ya 0 na 6. Waandaaji wake wenyewe huonya kwamba alama hizo ni vipimo vitatu vinavyojitegemea, na kwamba zisiwe kigezo pekee cha udahili. Wala 160 ya maneno si sawa na 160 ya hisabati: ya kwanza ni adimu zaidi miongoni mwa watahiniwa. Hisabati yenyewe haivuki sana kiwango cha sekondari, ilhali sehemu ya maneno hudai msamiati ambao mtu huupata kwa kusoma Kiingereza tangu utotoni. Pengo kubwa kati ya mbili hizo, kwa mtu wa Ufipa, husimulia historia ya lugha alizosomea kabla ya kusema lolote juu ya akili yake. Idara nyingi zimeacha kudai GRE, hasa tangu mwaka 2020; vyeti vya Kiingereza vimebaki.

Ajabu ni kwamba idara ya isimu inayomtafuta mtafiti wa lugha za Kibantu haioni Kifipa chake katika safu yoyote ya alama hizo. Mahali pa kukieleza, pamoja na sababu ya pengo, ni barua ya mdhamini, pale ambapo kamati ina hiari ya kupima. Mwalimu aliyesimamia tasnifu aweza kutaja lugha iliyoandikiwa, idadi ya kurasa, na uzito wa hoja zake. Barua zinazotoka katika idara zetu, kwa bahati mbaya, mara nyingi huwa na sentensi tatu: kwamba mwombaji alikuwa mwanafunzi, kwamba ana tabia njema, na kwamba anastahili kufikiriwa.