Neno langu moja la siri liliwaponza ndugu zangu

Ujumbe ulimfikia Mjomba Songea saa nne asubuhi. Ulitoka kwenye akaunti ya Mama ya mtandao wa kijamii, ileile yenye picha yake ya kitenge cha bluu. "Kaka, nimelazwa, presha imepanda. Simu yangu imezima. Nitumie chochote kwa namba hii, jina litakalotokea ni la muuguzi." Mjomba hakuuliza mara mbili, akatuma Sh150,000. Shangazi wa Tanga naye akatuma Sh80,000.

Muda huo Mama alikuwa uani kwake Morogoro anachambua mchicha.

Aliyewaponza ni mimi. Nina miaka 28, nimesoma hadi chuo kikuu, na kila wiki naandika habari za afya nikiwahimiza watu kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Lakini tangu nilipofungua barua pepe yangu ya kwanza nikiwa kidato cha tatu, nilikuwa na neno moja tu la siri: jina la kijiji alichozaliwa Bibi na mwaka wangu wa kuzaliwa. Nilipomnunulia Mama simu janja, nilimfungulia akaunti zake zote kwa neno hilohilo. Nilitaka asinisumbue akisahau.

Mwaka mmoja kabla ya tukio hilo nilimwagizia Mama kipimo cha presha katika duka moja la mtandaoni. Nikajisajili kwa barua pepe yake na neno letu lilelile. Kipimo kilifika salama, nikalisahau duka. Baadaye taarifa za wateja wa duka hilo ziliibwa. Hili nililijua nikiwa nimeshachelewa, nilipoingiza anwani ya Mama katika tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia ili watu waangalie kama taarifa zao zimewahi kuvuja. Duka lile lilikuwepo kwenye orodha.

Wezi hawa hawakai kubahatisha neno la mtu mmoja mmoja. Wanachukua orodha iliyovuja, yenye anwani na maneno ya siri, wanaipa programu ya kompyuta, nayo inajaribu kila jozi kwenye mitandao mingine: barua pepe, benki, mitandao ya kijamii. Wengi inawakatalia. Wale wenye tabia kama yangu, mlango unafunguka. Wala muda kupita si kinga. Maneno ya siri yaliyoibwa LinkedIn mwaka 2012 yalikuja kuuzwa mwaka 2016, na akaunti zilizohusika zilikuwa zaidi ya milioni 100.

Nimeandika mara nyingi kuhusu sindano: mtu mmoja, mara moja, kisha inatupwa. Hata ikionekana safi, hujui ilikopita. Neno langu la siri lilikuwa limepita sehemu nyingi kiasi kwamba mimi mwenyewe nisingeweza kuzihesabu.

Nilijifariji kwamba ni uzembe wangu na hasara ni yangu, mpaka nilipokumbuka yaliyotokea Marekani mwaka 2023. Kampuni ya 23andMe hupima vinasaba kwa kutumia mate. Wadukuzi waliingia katika akaunti takriban 14,000 za wateja wake kwa maneno ya siri yaliyovuja kwingine. Lakini kampuni hiyo ilikuwa na huduma ya kuwaunganisha wateja na ndugu wa damu. Kwa njia hiyo wakachota taarifa za watu takriban milioni 6.9. Wengi wa watu hao akaunti zao hazikuguswa. Waliponzwa na ndugu, kama Mjomba alivyoponzwa na mimi.

Fedha nilizirudisha kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Lakini kuna kilichokuwa kigumu zaidi kukirudisha.

Mwezi wa nne Mama aliugua kweli. Presha ilimpanda usiku, nikampeleka hospitali kwa bajaji. Alipokwisha kuvalishwa barakoa ya oksijeni, nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Mama amelazwa, hali si nzuri." Nikaona wamesoma, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyejibu. Nimezoea ukoo wetu kujaza kundi kwa dua na pole hata mtoto akipata mafua. Usiku ule palikuwa kimya.

Baada ya karibu nusu saa Mjomba akaandika: "Bibi alimwitaje yule mbuzi wake mweusi?"

Nikajibu "Malkia" huku machozi yananitoka. Simu ikaita palepale. "Nisamehe mwanangu," alisema. "Safari ile sikuuliza nikaliwa. Safari hii nimeuliza, na nimeona aibu kuuliza."

Mama alipona. Aliporudi nyumbani tulikaa naye mkekani tukafungua akaunti zake upya. Tulianza na barua pepe, kwa sababu ukisahau neno la siri la mtandao mwingine, njia ya kuweka jipya hupitia huko. Anayeishika barua pepe yako anaweza kuzifuata na nyingine. Kila akaunti tuliipa neno lake. Kila moja ni maneno manne marefu yasiyohusiana, bila jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Tukawasha uthibitisho wa hatua mbili, ili mtu akilijua neno lake bado adaiwe namba inayokuja kwenye simu. Namba hiyo, nilimsisitiza, haitajwi kwa yeyote anayepiga, hata akijitambulisha kuwa ni mhudumu.

Mimi natumia programu ya kutunza maneno ya siri. Mama alitaka kuyaandika nyuma ya daftari lake la kliniki. Nikamkatalia, lile linasomwa na kila muuguzi. Tukanunua daftari jingine, linakaa kabatini chini ya kanga zake. Mwizi aliye mbali na mtandao wake hawezi kufungua kabati la Morogoro. Na ukoo mzima tumekubaliana: ombi lolote la fedha linaanza na kupiga simu na swali la nyumbani, na anayeulizwa hakasiriki.

Kabla sijaondoka nilimuuliza Mama ameweka maneno gani kwenye barua pepe, ili siku akisahau nimkumbushe. Akafunga daftari.

"Si umesema ni siri?" akanijibu. "Basi hata wewe sikwambii."